Siku Niliyoruhusiwa Kugusa

Noti ya kwanza niliyoipiga siku ile ilipanda juu ya mahali pake, kama sauti ya mtu aliyeshtuliwa usingizini. Nikadhani kinanda ni kibovu. Nikairudia kwa nguvu zaidi ili nipate hakika, nayo ikapanda zaidi. Mama aliyekuwa akisimamia chumba kile alinisogelea, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwanangu, usiisukume. Ikishalia, kaa nayo tu."

Kinanda chenyewe kilikuwa klavikodi, kisanduku chembamba cha mbao kilichowekwa juu ya meza ya kawaida. Nimepiga vinanda vya umeme kwa miaka 17, na piano halisi kila nilipoipata, na niliingia katika jumba lile la makumbusho nikiamini kwamba mikono yangu inaijua kazi. Haikupita dakika moja nikaona kuna jambo kubwa ambalo hakuna aliyewahi kuniambia.

Nilikuwa nimezoea makumbusho ya vioo. Unasimama mbele ya kabati, unasoma kibao, jina la fundi, mwaka, aina ya mbao, kisha unasogea kabati la pili. Ala ya muziki iliyofungiwa hivyo hunisikitisha. Chungu cha kale hata kikiwa kitupu bado unaliona umbo lake na kazi yake, lakini kinanda kilichonyamazishwa kimekunyima karibu kila kitu ambacho kilitengenezewa. Ndiyo maana ninawaheshimu sana watu waliothubutu kuwaachia wageni wapige. Kule Kent, Uingereza, palikuwa na jumba la Finchcocks, ambako mpiga piano Richard Burnett alikusanya vinanda zaidi ya 100, akavifufua vingi vyao mpaka vikalia tena, na wageni wakawa wanavisikia na kuvipiga, hadi milango ya makumbusho hayo ilipofungwa mwaka 2015. Phoenix, Marekani, kuna makumbusho ya ala za muziki yaliyofunguliwa mwaka 2010, nayo yana ukumbi maalumu ambao kazi yake ni kushika na kupiga. Nilikokwenda mimi ni padogo mno ukilinganisha na huko. Ni vyumba sita tu, lakini moyo ni ule ule.

Nilimchukua mpwa wangu wa miaka kumi. Yeye hapigi ala yoyote. Alikuja kwa sababu nilimwambia kwamba kuna mahali ataruhusiwa kugusa kila kitu. Tulipofika mlangoni nikaona kwamba nilimdanganya kidogo. Tuliambiwa tunawe mikono na kuikausha vizuri, tuvue pete na saa. Kucha zangu zilitazamwa, maana ukucha mrefu huchimba mbao laini ya vibonyezo. Na kila ala ilikuwa na kadi: ya kijani, piga, nyekundu, tazama tu.

"Kwa nini hizi nyekundu haziguswi?" mpwa wangu akauliza.

"Kwa sababu zina umri, mjukuu wangu," mama akamjibu. Akamweleza kwamba kila noti inayopigwa inakula kitu. Ngozi ya nyundo inalika, uzi unachoka na kukatika, kitambaa kinasagika. Ukikibadilisha kilicholika, umeondoa kilichokuwa cha asili, na hakirudi. Piano kongwe kuliko zote zilizobaki duniani ni ya mwaka 1720, kazi ya Bartolomeo Cristofori, fundi wa Kiitaliano aliyebuni piano, na iko Metropolitan Museum, New York. Imefanyiwa marekebisho mengi katika maisha yake, kiasi kwamba sauti yake ya leo haiwezi kuchukuliwa kuwa ndiyo aliyoisikia Cristofori.

Kwa hiyo kadi ya kijani mara nyingi huwa juu ya nakala, ala iliyoundwa na fundi wa siku hizi kwa vipimo vya ile ya zamani, kwa mbao za namna ile ile na nyuzi za namna ile ile. Mwanzoni nilihisi nimepunjwa. Nilitaka kugusa kile walichokigusa wao. Lakini nilipoifikiria zaidi niliona kwamba watu wa mwaka 1720 hawakuwa wakipiga vinanda vikuukuu. Walipiga vinanda vipya, vyenye ngozi laini na mbao zisizopinda. Nakala nzuri inakupeleka karibu zaidi na kiganja cha mtu wa wakati ule kuliko kinanda chenyewe kilichozeeka.

Nirudi kwenye klavikodi, maana ndiyo iliyonishika zaidi.

Mama alifungua kifuniko akanionyesha ndani. Kibonyezo ni ubao mmoja mrefu unaolalia katikati kama pembea ya watoto. Mwisho wa upande wa pili pamesimamishwa kibati kidogo cha shaba. Ukibonyeza huku, kibati kinanyanyuka kule na kuugota uzi kutoka chini. Basi. Hakuna kingine. Kwenye piano ya leo, kati ya kidole na uzi kuna msururu wa vipande vya mbao, chemchemi na sufu, na nyundo ikisharushwa huna tena mamlaka nayo. Hata ukibonyeza mpaka ubao uvunjike, noti imeshaondoka. Kwenye klavikodi kibati hakirudi nyuma. Kinabaki kimeugusa uzi muda wote ambao kidole kiko chini, na mahali kinapougusa ndipo urefu wa uzi unaolia unapoanzia. Kwa hiyo wewe na uzi mmeshikana. Ukikandamiza, unaukaza, na noti inapanda. Ndicho kilichonipata.

Na ukitikisa kidole taratibu bila kukiinua, noti inayumba kama sauti ya mwimbaji. Wajerumani huuita mtikisiko huo Bebung. Nilipofanikiwa kuutoa kwa mara ya kwanza, kwa kidole cha tatu cha mkono wa kulia, nilikaa nao mpaka noti ikafa yenyewe. Sikuwa nimewahi kuifanya noti ya kinanda chochote iimbe baada ya kuipiga. Kwenye kinanda changu cha nyumbani kuna kigurudumu cha kazi hiyo, na kinazitikisa noti zote kwa kipimo kimoja. Hapa kila noti ilitaka mtikisiko wake.

Gharama yake ni ukimya. Klavikodi ina sauti ndogo ajabu. Mtu akiongea kwa kawaida chumbani humo, umeipoteza. Mpwa wangu aliyekuwa amesimama hatua tatu nyuma yangu alisema hasikii kitu, basi akaja akaweka sikio karibu kabisa na ubao wa sauti, na uso wake ukabadilika. Tangu hapo hakusema neno mpaka nilipomaliza. Watu wameishi na ala hii kwa muda mrefu sana: ile kongwe yenye tarehe, iliyobaki mpaka leo, ni ya mwaka 1543 na ipo Leipzig. Na mwaka 1753, wakati piano tayari ipo, mtunzi wa Kijerumani C. P. E. Bach bado aliandika kwamba uwezo wa mpiga kinanda hupimwa vyema zaidi kwenye klavikodi. Ningelisoma hilo kitabuni ningelipita. Lakini nilikuwa nimeshapimwa.

Ushauri kwa anayetaka kwenda mahali kama pale: anza na ala yenye sauti ndogo kuliko zote, na uende siku isiyo na watu wengi. Masikio yakishazoea sauti kubwa huchukua muda mrefu kushuka. Na uwe na kipande kimoja kifupi unachokijua bila karatasi, ukipige hicho hicho kwenye kila ala. Mimi nilikuwa na kimoja cha mikono miwili kisichofika dakika mbili. Ukibadilisha nyimbo, hutajua kama tofauti imetoka kwenye ala au kwenye wimbo.

Chumba cha pili kilikuwa cha hapsikodi, kinanda kingine cha kale, na hapo nilikwenda na vidole laini nilivyotoka navyo kwenye klavikodi. Nikabonyeza kwa upole, hakuna kilichotokea. Nikaongeza, nikahisi kitu kinakataa chini ya kidole, kisha tak, kikaachia na noti ikaruka ikiwa nzima, kubwa, kavu kama ukuni unaovunjwa. Nikabonyeza kwa nguvu zaidi. Noti ikatoka vile vile, wala haikuongezeka hata chembe.

Sababu yake ni kwamba hapsikodi haipigi nyuzi, inazidonoa. Mama alichomoa kijiti kimoja akaniwekea kiganjani. Ni kipande cha mbao chembamba, kirefu kidogo kuliko kidole, na karibu na ncha yake kuna ulimi mdogo uliochomekwa bawaba. Kwenye ulimi huo imepachikwa ncha ya unyoya, nyembamba kama ukucha wa paka. Kijiti kikipanda, unyoya unaudonoa uzi. Kikishuka, ulimi unarudi nyuma kidogo ili unyoya upite bila kudonoa mara ya pili, na kipande cha kitambaa kilicho juu kinatua na kuuzima uzi. Nilikigeuza kile kijiti mkononi mara nyingi. Wapiga udi wana neno risha kwa kile wanachodonolea nyuzi, na kwa Kiarabu risha ni unyoya. Udi na hapsikodi zimekwenda njia tofauti kabisa, moja kifuani mwa mpigaji, nyingine juu ya miguu yake yenyewe, lakini zote mbili zilimwendea ndege kuomba kitu cha kudonolea. Mafundi wa siku hizi wengi hutumia plastiki badala ya unyoya kwa sababu inadumu. Ile niliyoshikishwa ilikuwa ya unyoya wa kunguru.

Sasa kama nguvu ya kidole haibadilishi ukubwa wa sauti, mpigaji anaongea vipi? Swali hilo lilinisumbua kwa muda wa robo saa nzima, nikipiga kipande changu kikatoka kama cherehani. Jibu lilikuja nilipoacha kufikiria kuanza kwa noti nikaanza kufikiria kuisha kwake. Noti ukiikata mapema, inayofuata inasikika kubwa zaidi, ingawa haijabadilika. Ukiicheleweshea kidogo sana, msikilizaji ameshaingojea na inamfikia ikiwa na uzito. Ukizishikilia mbili tatu zipitane, kinanda kinajaa. Yote ni kazi ya wakati. Katika miaka 17 nilikuwa nimetumia nguvu kuficha kwamba noti zangu zinaishia popote tu.

Wakati nikirudia mahali penye noti zinazofuatana haraka, kibonyezo kimoja kikanyamaza. Nilikibonyeza tena, kimya. Moyo ulinipasuka, nikajua nimeharibu. Nikamwita mama, na nakumbuka nilianza kuomba radhi kabla hajafika. Hakukasirika. Alisema tangu asubuhi kundi kubwa la wageni lilikuwa limejazana chumbani, pumzi zao zimeongeza unyevu, mbao imevimba na kijiti kimekwama katika tundu lake. Akanionyesha kipimo cha unyevunyevu kilichotundikwa ukutani, ambacho sikuwa nimekitilia maanani. Akakichomoa kijiti, akakisugua mara mbili kwenye karatasi, akakirudisha, noti ikalia. "Hii ni mbao," akasema, "bado inavuta hewa kama sisi." Kisha akanielekeza jambo ambalo nimelishika: nisibonyeze zaidi ya pale inapoachia. Unyoya ukishadonoa, kazi imekwisha, na nguvu zote zinazofuata zinaishia kwenye mbao na kwenye viungo vya mkono wangu. Mtunzi wa Kifaransa François Couperin, katika maelekezo yake ya mwaka 1716, alishauri watoto waanzie kwenye kinanda chenye manyoya dhaifu, ili mkono usijifunze kukakamaa. Mkono wangu ulikuwa umeshajifunza, na ulikuwa na deni kubwa la kulipa.

Chumba cha vipulizo tulikipita haraka. Kulikuwa na sepenti, bomba la mbao lililovikwa ngozi na kujikunja kama nyoka, ambalo kwalo nilitoa mlio mmoja tu wa kusikitisha, na tarumbeta ndefu isiyo na vali (vibonyezo vya kubadilishia noti) hata moja, ya namna iliyotumika kabla mafundi wa Kijerumani hawajasajili vali mwaka 1818. Ala za kupuliza zinahitaji midomo iliyofunzwa, na yangu haijafunzwa.

Lakini chumba cha kinanda cha mabomba kilikuwa cha mpwa wangu. Kilikuwa kidogo, kama kabati la nguo, na nyuma yake kulikuwa na mivukuto miwili ya ngozi iliyobebeshwa mawe. Kazi ya anayevuta ni kuinua mvukuto mmoja ujae hewa, kisha kuuachia ushuke kwa uzito wake taratibu na kusukuma upepo ndani ya mabomba; na kabla haujafika chini, awe ameshaunyanyua wa pili. Kwa karne nyingi, kabla ya mota, kila mpiga kinanda cha mabomba alikuwa na mtu kama huyo nyuma ya pazia, na majina ya wengi wao hayakuandikwa popote.

Tulianza vibaya. Yeye alivuta kwa pupa, na kila alipouachia mvukuto kwa kishindo, noti zangu zote zilishtuka kwa pamoja. Mara ya pili alichelewa na sauti ikalegea, ikashuka, ikakata. Akatokeza kichwa akaniambia, "Mjomba, nikichoka mimi, wewe unakata pumzi." Alikuwa amesema kweli kabisa. Basi tukapatana. Nikawa ninahesabu kwa sauti, naye akawa anavuta kwa hesabu. Mara ya nne sikuhesabu tena, kwa kuwa alikuwa ameanza kukisikiliza kipande chenyewe: aliunyanyua mvukuto mahali ambapo mwimbaji angevuta pumzi. Hakuna aliyemfundisha. Nilipiga kipande chote mpaka mwisho bila sauti kutikisika, na tulipomaliza alitoka nyuma ya kinanda akiwa ameloa jasho, akataka turudie.

Piano zilikuwa chumba cha tano. Kwa sababu ndiyo ala ninayoijua, nilidhani nitapumzika. Cristofori alikuwa mtunzaji wa ala za mwana wa mtawala wa Florence, Ferdinando de' Medici, na orodha ya mali ya mwaka 1700 inakitaja kinanda chake kipya kinachotoa sauti ya chini na ya juu, piano e forte kwa Kiitaliano. Jina hilo refu limekatwa mpaka tumebaki na "piano", yaani tumebaki na neno la sauti ya chini peke yake. Wazo lake lilikuwa kuondoa unyoya na kuweka nyundo ndogo, na kutafuta jinsi nyundo hiyo itakavyourukia uzi na kuachia mara moja, isije ikauzima uzi ule ule ilioupiga. Nyundo zake zilikuwa na vichwa vya karatasi iliyoviringishwa na kuvikwa ngozi. Ni piano tatu tu za mkono wake zilizobaki: ile ya New York, moja Roma ya mwaka 1722, na moja Leipzig ya mwaka 1726.

Niliyoruhusiwa kuipiga ilikuwa nakala ya piano ya Kijerumani ya miaka ya mtunzi Mozart, karne ya 18, yenye oktava tano. Vibonyezo vyake vinashuka karibu nusu tu ya vya piano ya leo, na nyundo zake ni nyepesi, zimevikwa ngozi. Nilipotua mkono wa kushoto kwa uzito niliouzoea, nyuzi za chini zilinguruma kwa hasira, na nikaondoa mkono haraka. Kisha nikajaribu tena kidogo kidogo. Kwenye piano kubwa ya leo, noti tatu za karibu zikipigwa pamoja huku chini hugeuka tope. Hapa kila moja ilisikika na umbo lake, kama watu watatu wanaozungumza chumba kimoja bila kukatana maneno. Nilikuwa nimepita miaka nikizirahisisha sehemu za mkono wa kushoto katika vipande vya zama zile, nikiamini waandishi wake waliziandika nzito mno. Waliziandika kwa kinanda hiki.

Chini ya ubao, usawa wa magoti, kulikuwa na makono mawili ya kunyanyua kwa goti, kwa kuwa kanyagio hazikuwa zimeenea. Kono moja liliziachia nyuzi zilie zote. Jingine liliingiza ukanda wa kitambaa kati ya nyundo na nyuzi, na sauti ikaenda mbali ghafla, kama mtu anayeimba nyumba ya pili. Mwaka 1777 Mozart alimwandikia baba yake barua ya kumsifia fundi Stein wa Augsburg, hasa kwa jinsi nyundo zake zilivyorudi nyuma mara tu baada ya kupiga. Nilipokuwa nikirudia noti moja haraka haraka kwa vidole vinne kwa zamu, niliielewa furaha yake mikononi.

Kando yake palisimama piano kubwa ya kisasa, wametuwekea ili tulinganishe, na hiyo ndiyo niliyoipiga kwa muda mfupi kuliko zote. Ndani yake kuna fremu ya chuma cha kumimina, teknolojia ambayo Alpheus Babcock wa Boston aliisajili mwaka 1825, kwa sababu nyuzi zake zinavuta kwa jumla ya tani 20 hivi na mbao peke yake isingezihimili. Ninaipenda na sitaiacha. Lakini nimekoma kusema kwamba nyingine zilikuwa hatua za kuifikia. Kila uwezo ulioongezwa, kuna ulioondolewa, na mikono yangu ilikuwa imeshavigusa vilivyoondolewa.

Chumba cha mwisho kilikuwa karakana ndogo. Ilikuwa saa moja kabla ya kufunga, mpwa wangu amelala kwenye benchi. Mama alikuwa anatyuni hapsikodi ndogo, nami nikaomba nikae nitazame. Alinitaka nipige do, mi na so. Niliposhusha mkono nilishikwa na mshangao ambao bado sijaumaliza. Kwanza, do yenyewe ilikuwa chini ya nilivyoizoea kwa nusu toni, kwa kuwa vinanda vya namna hiyo siku hizi huwekwa kwa A ya 415, yaani noti A inayotetema mara 415 kwa sekunde, wakati sisi wengine tunatumia 440. Lakini kilichonishtua zaidi ni kwamba noti zile tatu zilitulia. Hazikutetemeka. Zilikaa kama maji ya mtungini.

Aliniambia nihamie kwenye G shapu na E flati kwa pamoja. Zilibweka. Sina neno jingine. Wazungu waliita mwachano huo mbwa mwitu, na wamelipatia jina. Akanieleza kwamba katika mtindo huo wa zamani, ambao Mwitaliano Pietro Aaron, mwandishi wa nadharia ya muziki, aliueleza mwaka 1523, fundi anazipa do na mi usafi kamili, na kwa kufanya hivyo anaurundika uchafu wote mahali pamoja, ambapo mpigaji anajua hapaendi. Sisi wa leo tumeugawa uchafu huo sawasawa kwa noti zote, ili tuweze kupiga wimbo tukianzia noti yoyote. Hivyo kila mi yetu imezidi kwa sehemu 14 kati ya 100 za nusu toni. Maisha yangu yote sikuwahi kusikia mi iliyo mahali pake kwenye kinanda.

"Unataka kujaribu?" akaniuliza.

Aliikaza mi mpaka ikawa ya leo, akanipa ufunguo wa kutyunia na kuniwekea mkono kwenye pini. Akanitaka nishike do kwa mkono wa kushoto pamoja na mi, nisikilize kinachotokea kati yake, nisizisikilize noti zenyewe. Mwanzoni sikusikia kitu. Kisha nikayasikia mapigo, wowowowo, ya haraka, kama kumi kwa sekunde, ambayo bila shaka yamekuwepo katika kila muziki nilioupiga. Nikauzungusha ufunguo. Hapana, sikuuzungusha, niliuegemea tu, na pini ikasogea kwa kiasi ambacho jicho halioni. Mapigo yakapungua. Nikadonoa tena, maana noti zinakufa upesi. Matano kwa sekunde. Nikaegemea. Mawili. Nilikuwa nimeacha kupumua. Moja, refu, likipanda na kushuka polepole kama kifua cha mtu aliyelala. Kisha likanyooka, na noti mbili zikawa kitu kimoja kilichojaa chumba kizima bila kuongeza sauti.

Mkono wangu ulikuwa bado kwenye ufunguo. Mama aliuondoa taratibu kwa mkono wake.

"Hapo," akasema. "Usiguse tena."